Redio yako haina shida, shida ni chaja iliyonyimwa filta

Siku hizi ukikutana na mtu anayesikiliza AM au mawimbi mafupi lazima akulalamikie kwamba redio haishiki tena, stesheni iliyokuwa inaingia safi miaka ya nyuma sasa imezama kwenye mchakacho, na akimaliza kulalamika anahamia moja kwa moja kwenye antena: nirefushe waya? nipandishe juu ya paa? ninunue redio nyingine kabisa? Jamani, kabla hujatoa hela yoyote fanya kitu kimoja tu. Chukua redio ndogo ya betri, itafutie pale kwenye masafa ambapo kelele ndo imezidi, halafu kazime swichi kuu ya umeme ya nyumba. Kama kelele imekatika pale pale basi antena haina kosa, stesheni haina kosa, kelele inazalishwa humo humo ndani, na mara nyingi sana inatoka kwenye zile pawasaplai ndogo za kuswichi ambazo sasa hivi ziko kila mahali: chaja ya simu, adapta ya laptopu, rauta, tivii, taa za LED, mpaka ile taa ya mezani unayoiona haina neno.

Mimi naona tumelikubali hili tatizo kirahisi mno, yaani tumeambiwa "dunia ya kisasa ina kelele" na tukanyamaza, wakati hiyo kelele dawa yake inajulikana kwa undani kabisa, imeandikwa kwenye vitabu vya ufundi, wanafunzi wanaisoma, na vifaa vyake ni vidogo vinavyoenea kwenye kiganja cha mtoto. Kelele ikishatoka kwenye chaja na kuingia kwenye waya za nyumba unaanza kuifukuza chumba hadi chumba na hutaimaliza. Pa kuizuia ni pale pale inapozaliwa, na anayetakiwa kuizuia ni aliyetengeneza kifaa kabla hata hakijafungwa kwenye boksi.

Tuanze na kelele yenyewe inatoka wapi, maana bila kuelewa hapo utanunua vifaa vya bure.

Adapta za zamani zilikuwa na transfoma nzito ya chuma, inapokea umeme wa hezi 50 au 60, inaushusha, diodi zinaunyoosha, kapasita inaulainisha, basi. Hakuna kitu kinachokwenda mbio mle ndani. Pawasaplai ya kuswichi inafanya kinyume, kwanza inaunyoosha umeme wa ukutani kama ulivyo, kwa hiyo kama ukutani ni volti 230 kwenye kapasita kubwa unapata kama volti 325 za DC, halafu kuna transista, mara nyingi mosfeti, inazikata hizo volti washa-zima washa-zima makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde na kuzipitisha kwenye transfoma ndogo sana. Transfoma inaweza kuwa ndogo kwa sababu frikwensi ni kubwa, ndo maana chaja inaenea mfukoni. Mpaka hapo ni uhandisi mzuri na wala siupingi.

Sasa huko kuwasha na kuzima ndo penye shughuli. Ili mosfeti isichemke inabidi ibadilike haraka sana, kutoka volti mia tatu na kitu hadi karibu sifuri ndani ya makumi ya nanosekunde tu, na mkato mkali namna hiyo haubaki kwenye frikwensi yake peke yake, unazaa hamoniki, yaani frikwensi mara mbili, mara tatu, mara nne, unapanda tu. Tuchukue chaja inayoswichi kwa kilohezi 65, namba ambayo utaikuta kwenye chaja nyingi sana. Hamoniki ya 9 inaangukia kilohezi 585, ya 15 inaangukia 975, ya 24 iko 1560, ukihesabu zinazoingia ndani ya AM kati ya kilohezi 530 na 1600 unapata 16, na zote zinatoka kwenye kachaja kamoja. Ndo maana ukizungusha redio kelele inakuja inapotea inakuja tena, kila baada ya umbali ule ule. Na haziishii hapo, hamoniki zinashuka nguvu taratibu hadi pale mkato wenyewe unapoanza kuonekana si mkali, na kama volti inabadilika kwa nanosekunde 50 hiyo kona iko kwenye megahezi 6 hivi, ndipo zinaanza kuporomoka kwa kasi. Kwa hiyo mawimbi mafupi mengi yako ndani ya eneo la vita. Ukifanya mkato uwe wa kasi zaidi, kama hizi chaja ndogo za kisasa zenye transista za galiamu naitraidi, kona inasogea juu zaidi, kifaa kinakuwa kidogo na kinapoa vizuri lakini kazi ya filta, yaani vile vipande vya kuchuja kelele, inaongezeka.

Hiyo namba 65 yenyewe inafaa kuangaliwa kwa makini. Vipimo vya kelele inayopita kwenye waya wa umeme kwa vifaa vingi vya nyumbani vinaanzia kilohezi 150. Mara mbili ya 65 ni 130, bado iko chini ya mstari, hamoniki ya kwanza inayopimwa ni ya tatu, 195, ambayo tayari imeshapungua nguvu. Siyo ujanja mbaya, mhandisi yeyote angefanya hivyo, ila unaona picha: kifaa kimepangwa kulingana na mtihani utakaofanyika, siyo kulingana na mtu atakayekaa na redio mita mbili kutoka hapo.

Sasa tuje kwenye njia ambazo kelele inatokea, na hapa naomba twende pole pole kwa sababu ndo penye kila kitu. Kelele inatoka kwa njia mbili tofauti kabisa na dawa zake ni tofauti. Ya kwanza inaenda na waya mmoja na kurudi na mwingine, inatoka kwenye laivu inarudi kwenye nyutro, kwa sababu mosfeti inavuta mkondo kwa mapigo na kapasita kubwa ya ndani haiwezi kuyameza yote. Hii kwa kawaida ndo inatawala chini, huku kwenye kilohezi mia kadhaa hadi megahezi moja hivi. Dawa yake ni kapasita ya aina ya X kati ya laivu na nyutro na koili mbele yake, au kwenye chaja ndogo utakuta kapasita mbili za elektrolaiti na koili ndogo katikati yake. Ni rahisi, inaeleweka, na kwa kuwa mkondo wa kwenda na wa kurudi uko karibu karibu kwenye nyuzi zilizolala pamoja hauchafui hewa sana.

Ya pili ndo mbaya. Hii inatoka kwenye waya zote kwa pamoja, kwa upande mmoja, inasafiri na waya wote kama vile ni waya mmoja mnene na kurudi kwa njia isiyo rasmi kabisa, kupitia ardhini, kupitia eathi, kupitia kuta, kupitia wewe mwenyewe uliyeshika simu. Inatokeaje? Ndani ya transfoma koili ya upande wa umeme mkubwa na koili ya upande wa simu zimelaliana, zimetenganishwa na tepu nyembamba tu, na vitu viwili vya chuma vilivyo karibu ni kapasita utake usitake. Tuseme hiyo kapasita ya bahati mbaya ni pikofaradi 20 tu, ndogo hata hungejisumbua kuinunua. Volti 300 zikibadilika ndani ya nanosekunde 50 juu ya pikofaradi 20, piga hesabu, unapata miliampia 120 zinazorushwa upande wa pili kila mosfeti inapobadilika. Ni kwa muda mfupi sana, na mtengenezaji makini anapunguza kwa kupanga koili vizuri au kuweka kinga ya shaba katikati, lakini ukiachia ovyo ndo hali halisi.

Halafu weka hiyo namba pembeni ya nyingine. Waya wa mita moja ukibeba maikroampia 5 tu za mkondo wa namna hii kwenye megahezi 50, mawimbi yanayotoka yanafika kama maikrovolti 100 kwa mita ukipima umbali wa mita 3, na hapo ndo mwisho wa kinachoruhusiwa kwa vifaa vya nyumbani kwa sheria za Marekani. Najua zile miliampia 120 ni kilele cha pigo zima na hizi maikroampia 5 ni kwenye frikwensi moja, siyo kitu kimoja, lakini pengo ni kubwa kiasi kwamba huhitaji kuwa profesa kuona waya wa chaja ni antena nzuri sana. Waya wa mita moja na nusu ni robo ya wimbi la megahezi 50, yaani umeitengenezea kelele antena ya saizi yake bila kujua.

Dawa ya hii ya pili haianzi na kuizuia, inaanza na kuipa njia fupi ya kurudi nyumbani. Ule mkondo ulitoka upande wa umeme mkubwa ukavuka transfoma, unatafuta kurudi ulikotoka, ukiuwekea kapasita ndogo ya aina ya Y inayounganisha upande wa pili na upande wa kwanza, nanofaradi moja mpaka mbili hivi, unarudi hapo hapo ndani ya boksi na hauna haja ya kuzungukia kwenye waya za nyumba nzima. Huwezi kuweka kubwa unavyotaka kwa sababu hiyo hiyo kapasita inapitisha kidogo umeme wa ukutani, ndo ule mwasho unaousikia ukipitisha mkono taratibu juu ya laptopu ya chuma inayochajiwa bila eathi, na usalama wa mtu unaweka kikomo. Kinachobaki baada ya hapo ndo unakizuia kwa koili maalumu yenye nyuzi mbili kwenye kiini kimoja cha feraiti, ile kauri nyeusi yenye sumaku, laivu na nyutro zinapita zote, mkondo wa kawaida unajifuta wenyewe ndani ya kiini na kinachozuiwa ni ile kelele inayotoka kwa pamoja tu. Ukishaelewa hii ya kurudi nyumbani umeelewa robo tatu ya somo zima.

Sasa fungua chaja ya bei ya chini. Tafadhali kama wewe si fundi usifanye hivyo, maana ile kapasita kubwa inaweza kubaki na volti zaidi ya 300 hata baada ya kuchomoa ukutani, lakini aliyezoea akifungua ataona kitu kinachouma roho. Bodi imechorwa vizuri kabisa, kuna nafasi imeandikwa CX1 ya ile kapasita ya X, kuna nafasi ya duara imeandikwa LF1 ya ile koili, kuna matundu mawili ya CY1, ile kapasita ya Y, yanayovuka ule ufa mweupe katikati ya pande mbili. Matundu ya CX1 yako wazi, hayana hata solda. Pale kwenye LF1 badala ya koili kuna vipande viwili vya waya vimepindwa vikachomekwa, vinaruka juu ya nafasi ya filta kana kwamba haikuwepo. CY1 hakuna. Aliyechora hiyo bodi alijua kinachotakiwa, akakiwekea nafasi, pengine hata ile iliyopelekwa kupimwa ilikuwa na vyote, halafu mtu mwingine akapita na orodha ya gharama akakata. Kwa hiyo mtu akiniambia kelele ndo gharama ya maendeleo naona ananidanganya, maendeleo yako pale pale kwenye bodi, yameandikwa kwa wino mweupe, yamenyimwa vipande vitatu.

Na anayelipa si huyo aliyekata. Anayelipa ni jirani aliyekaa upande wa pili wa ukuta anatafuta taarifa ya habari kutoka mbali, ni mtu wa redio za amatea anayejaribu kusikia sauti dhaifu kutoka bara lingine, ni mzee ambaye redio ndo rafiki yake wa usiku. Huyo jirani hajanunua hiyo chaja, hajui hata kama ipo.

Mtu atasema si kuna viwango? Vipo, na vimeanza zamani, ile kamati ya kimataifa ya kushughulikia kelele za redio, CISPR, ilianza 1934, wakati ambapo shida ilikuwa mota na tramu. Viwango vya leo vinapima kelele kwenye waya kutoka kilohezi 150 hadi megahezi 30 na kelele ya hewani kutoka megahezi 30 kwenda juu, kuna daraja A la sehemu za kazi na daraja B la majumbani ambalo ni kali zaidi. Nashukuru vipo, bila hivyo tusingesikia kitu kabisa. Ila tusome namba zake kwa utulivu. Kwa daraja B kati ya kilohezi 500 na megahezi 5 kifaa kinaruhusiwa kuacha desibeli 56 juu ya maikrovolti moja kwenye waya wa umeme, hiyo ni kama maikrovolti 630. Watu wa mawimbi mafupi ishara nzuri yenye nguvu wanayoiita S9 ni maikrovolti 50 kwenye redio yao. Yaani kifaa kilichofaulu mtihani, halali kabisa, kinaweza kuwa na kelele kwenye waya ambayo ni zaidi ya mara 12 ya ishara inayoitwa nzuri. Bila shaka kelele iliyo kwenye waya wa ukutani haifiki yote kwenye antena, kati yake kuna umbali na kuta, na kiwango kilitegemea huo umbali uwepo. Mtu aliyeweka antena yake ndani ya chumba, na rauta juu ya meza hiyo hiyo, huo umbali hana.

Tena kiwango kinapima kifaa kimoja kimoja. Zamani nyumba ilikuwa na vifaa viwili vitatu vya namna hii, leo hesabu tu taa peke yake. Vifaa kumi vya kelele sawa vinapandisha sakafu ya kelele kwa desibeli 10, na hakuna hata kimoja kilichovunja sheria.

Jambo lingine ambalo mimi siliungi mkono, na najua wahandisi wengi watanipinga, ni ule mtindo wa kutikisa frikwensi. Badala ya chaja kuswichi kwa kilohezi 65 kamili inayumbishwa kidogo juu na chini muda wote, hamoniki badala ya kuwa mstari mmoja mrefu mwembamba inakuwa kilima kipana kifupi, na kwa kuwa mashine ya kupimia inaangalia dirisha la kilohezi 9 kwa wakati mmoja namba inashuka na kifaa kinafaulu. Lakini nguvu ya kelele ni ile ile, haijapungua hata chembe, imesambazwa tu. Kwa msikilizaji maana yake ni nini? Mwanzo alikuwa na mlio kwenye stesheni moja na stesheni ya pembeni iko safi, sasa ana mvumo kwenye zote mbili, tena huko juu kwenye mawimbi mafupi vilima vinapanuka hadi vinagusana na anabaki na ukuta mmoja wa mvumo. Kutikisa frikwensi juu ya filta nzuri sina neno nako. Kinachonikera ni kukitumia mahali pa filta.

Na siyo kwamba haiwezekani kufanya vizuri. Angalia magari. Ndani ya gari pawasaplai za kuswichi ziko sentimita chache kutoka kwenye redio, na mnunuzi wa gari akisikia mvumo kwenye AM anarudi na gari, kwa hiyo watengenezaji wakaamua kuswichi ama kwa kilohezi 400 hivi, chini ya AM, ama kwa megahezi 2.1 na kuendelea, juu ya AM, ili frikwensi mama yenye nguvu kuliko zote isikae katikati ya masafa ambayo mtu anasikiliza. Wanahangaika namna ile kwa sababu kuna mtu atawauliza. Chaja ya ukutani hakuna anayeiuliza.

Haya, wewe ambaye huna kiwanda na unataka kusikiliza redio yako leo ufanyeje.

Kwanza mtafute mwenye kelele kabla ya kununua chochote. Ukishazima swichi kuu na kelele ikakatika, washa saketi moja moja, halafu chomoa kifaa kimoja kimoja, na nasema chomoa, siyo kuzima kwa rimoti, kwa sababu pawasaplai inaendelea kufanya kazi ilimradi iko kwenye soketi. Chaja isiyo na simu nayo ina kelele, wakati mwingine ya aina nyingine kabisa, inakata kata kwa mafungu na kutoa mlio wa chini. Angalia vitu vyenye betri, yuu-pi-esi, kidhibiti cha sola, laptopu, hivi havizimiki na swichi kuu na vinaweza kukudanganya ukadhani kelele iko nje. Redio ndogo ya AM inakusaidia sana hapa maana ndani yake ina kijiti cha feraiti, ukiizungusha kuna upande kelele inadidimia, na pale inapodidimia ncha ya kijiti inakuelekeza alipo mkosaji. Ukimpata, mara nyingi dawa ya haraka ni kubadilisha tu ile adapta kwa nyingine yenye volti na ampia zinazofaa iliyotengenezwa vizuri, kazi imeisha.

Kama huwezi kubadilisha ndo tunakuja kwenye feraiti, na hapa watu wanapoteza hela sana. Ile pete ya kubana unayoifunga mara moja kwenye waya ilitengenezwa kwa megahezi 100 huko, kule inaweza kukupa omu mia moja au zaidi, lakini kwenye megahezi moja, kwenye AM, inakupa omu chache tu, ambazo kwa kelele ni kama hakuna kitu. Watu wanazifunga, hawaoni tofauti, wanasema feraiti ni uongo. Siri iko kwenye mizunguko: uwezo unapanda kwa mraba wa mizunguko, ukipitisha waya mara 5 unapata mara 25, ukipitisha mara 7 unapata kama 49, mpaka pale mizunguko inapoanza kuwa kapasita yenyewe kwa yenyewe. Kwa hiyo tafuta pete kubwa yenye tundu pana, upitishe waya mzima, nyuzi zote pamoja, mara nyingi uwezavyo. Na aina ya feraiti ina maana, zile za mangani na zinki ndo za AM na mawimbi mafupi, za nikeli na zinki zinafaa zaidi kuanzia megahezi makumi kwenda juu. Weka karibu kabisa na kifaa chenye kelele, siyo karibu na redio, sentimita chache tu, maana waya unaobaki kati ya kifaa na feraiti bado ni antena. Fanya pande zote, waya wa kwenda ukutani na waya wa kwenda kwenye kifaa, na usiache waya wa kuingia na wa kutoka ukilala pamoja kwa sababu kelele inaruka juu ya feraiti kana kwamba hukuweka. Ukiona umeweka na kelele imezidi kwenye frikwensi fulani usishangae, inatokea, feraiti na waya vimepatana vikalia pamoja hapo, ongeza mizunguko miwili au punguza.

Upande wa redio nao una kazi yake. Antena itoke nje, mbali na waya za umeme, na waya wake wa kushuka uwekewe feraiti ya mizunguko mingi pale unapoingia ndani, la sivyo ngao ya waya inabeba kelele ya nyumba na kuipandisha kwenye antena yenyewe. Antena ya kitanzi inayozungushwa ni nzuri sana kwa mtu asiye na nafasi, unamtegea mkosaji kule ambako haisikii.

Wanaotengeneza vibodi vyao vya kushusha volti, wa sola na wa taa, nyie shika moja tu: kapasita ya kuingilia, transista na diodi vinaunda kitanzi kinachobeba mkondo unaokatwa ghafla, kifanyeni kitanzi hicho kiwe kidogo mpaka kisiwezekane tena kupungua, kapasita ya kauri igusane karibu na miguu ya transista. Mengine yote mtayarekebisha baadaye kwa filta, kitanzi kikubwa hakirekebishiki. Na waya za kutoka kwenye paneli zisokotwe pamoja, mkiziachia moja hapa nyingine kule mmejenga kitanzi cha ukubwa wa paa.

Wako wanaosema turudi kwenye transfoma za chuma. Kwa mtu mwenye redio yake ya mapenzi na meza yake, sawa kabisa, ni tulivu na haina maneno. Ila kwa dunia nzima haiwezekani na sidhani kama ni sawa kuitaka, kushusha volti 18 zilizotoka kwenye transfoma kwenda 12 kwa ampia moja kwa njia ya zamani unachoma wati 6 bure kuwa joto, muda wote, na sheria za kubana matumizi ya umeme zilishaziondoa hizo adapta kwa sababu ya msingi. Pawasaplai ya kuswichi yenye filta kamili inaweza kukaa kwenye chumba kimoja na redio na usiisikie. Ninachodai ni hiyo, iliyokamilika.

Mafundi mna nafasi kubwa hapa kuliko mnavyodhani, kwa sababu pawasaplai inayorudi mezani kwako ndo nafasi pekee ya kuirekebisha baada ya kiwandani. Kapasita za elektrolaiti zikichoka kelele inapanda muda mrefu kabla kifaa hakijafa, kwa hiyo mteja akikwambia redio imeanza kuvuma tangu mwaka jana usimcheke, pima hizo kapasita. Ukikuta nafasi ya LF1 ina vipande vya waya na una koili inayoenea kutoka kwenye bodi iliyokufa, na inabeba mkondo huo, toa waya weka koili. CX1 iwe kapasita ya X2 iliyoandikwa hivyo, pamoja na rezista ya kuimaliza chaji ili mtu asipigwe na plagi aliyoichomoa. Na CY1 hapo sina mzaha hata kidogo: usiweke kapasita yoyote ya kauri ya bluu uliyoikuta kwenye kopo eti kwa sababu imeandikwa kilovolti moja. Iwe Y1 yenye alama zake za usalama, kwa kipimo kile kile mtengenezaji alichoandika, kwa sababu hiyo ndo inayokaa kati ya umeme wa ukutani na mkono wa mtu, ya Y1 imetengenezwa ili ikifa ikate njia, ya kawaida inaweza kufa kwa kuunganisha, na mtu aliyeshika simu upande wa pili hatajua. Kama huna ya aina hiyo acha matundu wazi, funga feraiti kwenye waya, umwambie mteja ukweli.